Sura Mpya, Sentensi Kongwe: Uhakiki wa Taarifa ya Habari ya Saa Moja katika Runinga za Kenya

Taarifa ya habari ya saa moja jioni ni miongoni mwa matini za Kiswahili zenye hadhira pana kabisa nchini Kenya, na ni miongoni mwa zile ambazo uhakiki wa fasihi umezipa kisogo. Riwaya iliyochapishwa nakala chache na kusomwa na watahiniwa wa miaka michache huandikiwa tahakiki kadhaa, na ni haki yake. Sentensi inayosikika kwa mkupuo mmoja Lodwar, Kisii, Mwingi na Kwale huachiwa waandikaji wa barua kwa mhariri. Waandikaji hao nao wana malalamiko mawili yasiyochakaa: kwamba watangazaji wanaboronga ngeli, na kwamba watangazaji wana mbwembwe.

Lalamiko la kwanza lina ukweli wake na halitashughulikiwa hapa. Anayetaka kuorodhesha makosa ya upatanisho wa kisarufi hatakosa mifano jioni yoyote ile. La pili ndilo linalohitaji kuchunguzwa, kwa sababu linaelekeza kidole mahali pasipo na ugonjwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika miaka 35 ya ushindani baina ya vituo, mtangazaji amebadilika sura, sauti, mavazi na namna ya kumsalimu mtazamaji, ilhali sentensi anayoitamka imebaki, kwa sehemu kubwa, ile ile iliyotamkwa na kituo pekee cha serikali. Mbwembwe zinazolalamikiwa ni pambo la mlangoni. Nyumba iliyo nyuma ya mlango huo haijajengwa upya.

Sentensi ya kituo kimoja

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka 1962 chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika hilo na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporejeshewa lile la awali. Kwa muda huo wote nchi ilikuwa na kituo kimoja cha runinga, na taarifa ya habari ilikuwa na mwanzo mmoja. Aliyeishi katika utawala wa Rais Daniel arap Moi (1978–2002) hahitaji kukumbushwa. Habari ya kwanza ilimhusu Mtukufu Rais, awe amefungua daraja, amehudhuria ibada au amepokea ujumbe wa wageni Ikulu. Hata siku ambayo hakuonekana hadharani, hakukosa wa kumtumia rambirambi au pongezi.

Lililo muhimu kwa mhakiki si nani alitajwa kwanza bali umbo la sentensi iliyomtaja. Kiima chake kilikuwa mtu mwenye cheo, na cheo hicho kilitajwa kwa ukamilifu. Kitenzi chake kilikuwa cha kunena, katika hali timilifu: amesema, amesisitiza, ameonya, amewataka, amewahimiza. Shamirisho lilikuwa umma usio na jina: wananchi, wazazi, vijana, wakulima. Hatimaye kilikuja kishazi chenye kitenzi cha dhamira tegemezi: wajiepushe, wadumishe, washirikiane. Katika sentensi ya namna hii hakuna kinachotendeka isipokuwa kunena. Daraja linaweza kuwa limefunguliwa kweli, lakini daraja lenyewe ni mahali pa kusemea tu. Urefu wake, gharama yake na watakaolivuka havina nafasi katika kiarifu. Kiambishi -me- kinakamilisha kazi. Jambo limekwisha kuwa, matokeo yake yamesimama, na aliyesikia hana la kuuliza ila kuitii ile -e iliyo mwishoni mwa kitenzi kinachofuata.

Msomaji wa sentensi hiyo alitakiwa apotee nyuma yake. Macho yalikuwa kwenye karatasi, sauti haikupanda wala kushuka pasipo sababu, na ubora ulipimwa kwa matamshi. Ni wajibu kusema kwamba baadhi ya wasomaji waliupa utaratibu huo hadhi iliyozidi ile ya maneno waliyopewa. Badi Muhsin, aliyefariki mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya utangazaji katika KBC, alikuwa na utuvu wa sauti ambao uliifanya hata orodha ya wageni waalikwa isikike kama jambo lenye uzito. Hata hivyo, mamlaka ya sauti za namna hiyo yalitoka nje ya msomaji. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi wa kikosi cha anga waliiteka Sauti ya Kenya wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mitambo walikuwa nayo mikononi na bunduki walikuwa nazo. Bado walihitaji sauti iliyozoeleka iseme. Hali timilifu ya kituo cha serikali ilikuwa na nguvu hata ikaaminiwa kwamba likishatamkwa humo, limekuwa.

Kuna jambo jingine kuhusu sentensi hii ambalo aghalabu husahauliwa na wanaoisifu kwa usanifu wake. Ilikuwa tafsiri. Taarifa za kiserikali ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na kazi ya meza ya Kiswahili ilikuwa kuzihamisha kabla ya saa ya kusomwa. Ndiyo maana Kiswahili cha taarifa hizo kilikuwa safi na wakati huo huo kilikuwa kigeni. Hakuna mzee wa Siyu wala mama muuza samaki wa Kongowea aliyepata kumweleza jirani habari ya mtaani kwa kuanza na cheo cha msemaji, kisha kitenzi cha kunena, kisha agizo. Jirani huelezwa kilichotokea.

Majina na salamu

KTN, kituo cha kwanza cha runinga cha kibinafsi, kilianza mwaka 1990, kikiegemea Kiingereza na kupeperusha pia matangazo ya CNN ya Marekani. Kwa miaka hiyo ya mwanzo usasa wa runinga ulizungumza Kiingereza, na Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kituo cha serikali. NTV ya kampuni ya Nation ilifuata mwishoni mwa muongo huo. Kilichobadili mizani hakikuwa mapenzi ya lugha. Wafanyabiashara walitambua kwamba wanunuzi wa unga, sabuni na kadi za simu wako mbele ya runinga saa moja jioni, na kwamba wanatazama kwa Kiswahili. Citizen, baada ya kuzinduliwa upya mwaka 2006, ilijenga jioni yake yote juu ya utambuzi huo: habari kwa Kiswahili, kisha tamthilia na vichekesho vya humu nchini. Wapinzani wake walifuata nyayo. Ratiba ya Kiswahili saa moja na Kiingereza saa tatu imezoeleka hata ikadhaniwa kuwa ya maumbile. Si ya maumbile. Ni mgao wa heshima, ambapo saa moja ina watazamaji wengi na saa tatu ina mahojiano marefu na mawaziri.

Majina yaliyopewa taarifa hizo katika ushindani yanastahili kusomwa kwa makini zaidi ya yalivyosomwa. Zamani taarifa ilikuwa "Taarifa ya Habari", jina lisilo na mtu ndani yake. KTN ilileta Mbiu, na mbiu ni pembe inayopigwa kuwakusanya watu: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Jina hilo, pamoja na uzuri wake, bado linamweka mtazamaji mahali pa kuitwa. Aliye na pembe ni mwingine. KBC yenyewe ilipoiita taarifa yake Darubini iliahidi chombo cha kusogeza mbali karibu, ahadi ya kijasiri kwa kituo ambacho historia yake ilikuwa ya kuonyesha walio karibu na mamlaka. Lakini jina lililo tofauti na yote ni Nipashe la Citizen, ambalo wasomaji wa Tanzania wanalijua kama jina la gazeti. Hili ni kitenzi, na zaidi ya hayo ni ombi. Kiambishi ni- si cha kituo bali ni cha mtazamaji. Yeye ndiye anayesema "nipashe", na kituo ndicho kinachoagizwa. Kwa mara ya kwanza -e ya dhamira tegemezi imegeuzwa uso: haimwagizi mwananchi ajiepushe na jambo, bali inamwagiza mwenye habari aitoe. Kama taarifa yenyewe ingekuwa mwaminifu kwa jina lake, sehemu kubwa ya hoja ya makala haya isingekuwepo.

Salamu nayo ilibadilika kwa namna hiyo hiyo. Umma uliohutubiwa kwa wingi uligeuka "mtazamaji" katika umoja, mtu mmoja anayeulizwa kama hajambo, anayeombwa asiondoke na anayeagwa kwa kutakiwa usiku mwema. Wanaodhihaki umoja huo kuwa ujanja wa kibiashara hawajakosea, lakini wamesahau kwamba mganaji wa ngano naye humchagua mmoja barazani akamkazia macho. Kuanzia hapo msomaji wa habari alianza kufanana na fanani wa fasihi simulizi kuliko karani wa serikali. Ana jina, ana mavazi yanayozungumziwa sokoni kesho yake, ana kituo chake na wafuasi wake. Mwaka 2018 Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume, walianza kusoma habari pamoja katika Citizen, jambo lililokuwa halijaonekana katika runinga za Kenya. Kampuni yao ya Jiffy Pictures ndiyo iliyoandaa Maria, tamthilia iliyopeperushwa na kituo hicho hicho kati ya 2019 na 2021, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa mtaa wa mabanda azungumzaye Sheng. Nyuso zinazosoma habari na nyuso zinazobuni hadithi zimekaribiana kiasi cha kushirikiana mwajiri.

Si lazima ukaribu huo uwe hatari. Hatari iliyopo ni kwamba sura imekuwa mtaji unaohamishika. Mohammed Ali wa KTN alichaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Mwaka uliofuata Kanze Dena wa Citizen alihamia Ikulu kuwa miongoni mwa wasemaji wake. Kila mmoja alikuwa na haki yake ya kikatiba, na hakuna lawama hapa. Linalomvutia mhakiki ni wepesi wa uhamisho wenyewe. Sauti iliyozoea kusema "Rais amesema" haina mwendo mrefu kuwa sauti ya aliyesema.

Methali mahali pasipo pake

Sasa yaje malalamiko kuhusu mbwembwe. Mtangazaji wa leo hafungui habari kwa cheo. Huifungua kwa methali, kwa kibwagizo chenye vina, kwa kauli ya "wahenga walinena". Wapo wanaotaka hayo yote yafutwe ili habari irudi kwenye ukavu wake wa zamani. Ombi hilo linasahau ukavu huo ulikuwa wa nani. Methali si uchafu katika lugha ya kupasha habari; jamii za pwani na za bara zimepashana habari nzito kwa methali kabla ya runinga kuzaliwa, na anayetoa taarifa ya msiba bila kutanguliza neno la kuiandaa nafsi ya msikiaji huonekana hana adabu.

Kasoro iko kwingine. Katika mazingira yake asilia methali hufika mwishoni mwa mjadala, baada ya jambo kuelezwa, nayo hutolewa na mtu anayeweza kujibiwa kwa methali nyingine. Katika taarifa ya habari imehamishiwa mwanzoni, na hakuna wa kuijibu. Matokeo yake ni kwamba inatoa hukumu kabla ya ushahidi. Mfano ulio wazi kabisa ni ajali za barabarani. Matatu imepinduka, abiria wamefariki, na kabla mahali pa ajali hapajatajwa imekwisha tamkwa kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumfariji mfiwa, na kinywani mwa jirani aliyeketi mkekani ni neno la huruma. Kinywani mwa chombo cha habari inakuwa hukumu ya kumwachilia mshtakiwa. Inasema hapana dereva aliyeendesha bila kulala, hapana mwenye gari aliyekataa kubadilisha magurudumu, hapana afisa aliyelipokea gari bovu kwa mkono mmoja na noti kwa mkono wa pili. Swali ambalo habari ilipaswa kulifungua limefungwa kwa maneno matatu.

Mfano wa pili ni wa migomo. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mvutano wa aina hiyo, uwe wa madaktari, walimu au wahadhiri, una methali yake iliyokwisha wekwa tayari: wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Taswira ni kali na wagonjwa waliumia kweli. Lakini taswira hiyo imekwisha amua mambo mawili ambayo hayakuthibitishwa: kwamba pande mbili zina nguvu sawa, na kwamba zinapigana kwa sababu fahali hupigana. Mgomo ule ulitokana na makubaliano ya malipo na mazingira ya kazi yaliyotiwa saini mwaka 2013 na kukaa bila kutekelezwa. Hakuna nafasi ya saini katika vita vya fahali. Mwanafunzi wa fasihi anayefundishwa kwamba methali "hupamba lugha" angepewa taarifa moja ya mgomo aichambue, huenda angeachana na neno hilo la kupamba. Methali hubeba hoja, na hoja hiyo yaweza kuwa mbaya.

Baada ya methali, habari yenyewe inaanza: Waziri wa Afya amesema. Kiongozi wa chama amepinga. Gavana amewataka. Sentensi ya enzi ya kituo kimoja imerudi, na tofauti ni kwamba vyeo vimeongezeka. Mahali pa Mtukufu mmoja pana magavana 47 na maseneta wao, kila mmoja na jukwaa lake na kipaza sauti chake. Wingi huo ni tunda la Katiba ya 2010 na haupaswi kubezwa. Lakini kisarufi habari bado ni kile alichokisema mwenye cheo.

Sababu yake haifichiki. Habari ya "amesema" ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Msemaji mwenyewe huandaa mahali, huleta umati, na wakati mwingine hutoa usafiri. Kituo huleta kamera moja. Ripota huirekodi habari hiyo hiyo mara mbili, kwa Kiswahili cha saa moja na Kiingereza cha saa tatu, na kwa kuwa msemaji aghalabu amezungumza Kiingereza mbele ya vipaza sauti, sauti yake huachwa ilivyo katikati ya taarifa ya Kiswahili, mtazamaji wa Mwingi akibaki na fremu isiyo na picha. Ni vigumu kuwalaumu maripota pekee. Mabadiliko ya tasnia yamewabana. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogia ilizimwa katika kuhamia mfumo wa dijitali. Vituo vya Citizen, NTV na KTN, vilivyokuwa vikivutana na serikali kuhusu utaratibu wa kuhama, vikakaa takriban wiki tatu bila kuonekana. Viliporudi vilikuta uwanja wenye vituo vingi zaidi vikigawana matangazo yale yale ya biashara, huku simu za mkononi nazo zikidai sehemu yao. Mwaka 2016 QTV, kituo cha kampuni ya Nation kilichokuwa kikiegemea Kiswahili, kilifungwa. Kilipofungwa, hakukosekana wa kusema kwamba Kiswahili hakilipi, ingawa jioni za Citizen zilikuwa zikionyesha kinyume chake. Chumba cha habari kilichopunguziwa watu hakiwezi kumtuma ripota akae wiki moja Turkana. Kinaweza kumtuma kwenye mkutano wa waandishi wa habari arudi kabla ya saa kumi.

Penye lazima, hata hivyo, chumba hicho kimeonyesha uwezo ambao taasisi za lugha zimeutamani kwa miaka. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, meza za Kiswahili zililazimika kutafuta maneno kwa usiku mmoja. Mengine yalizaliwa mazito, kama vile kutotangamana, na mengine yaliazimwa bila haya, kama kafyu. Lakini barakoa lilipenya. Lilikuwa neno kongwe la kamusi, kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao, nalo katika muda wa wiki chache likawa mali ya makanga wa Eldoret na mwalimu wa Garissa. Hakuna kamati iliyowahi kusambaza neno kwa kasi hiyo. Lilipenya kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limetokea mbele ya kila mtu na lilihitaji jina. Halikuhitaji msemaji.

Nyakati nyingine za kitenzi

Kwamba Kiswahili cha runinga kinaweza kuiacha sentensi kongwe kulithibitishwa na Jicho Pevu, mfululizo wa uchunguzi ulioletwa na Mohammed Ali katika KTN. Makala zake, kama ile ya Paruwanja la Mihadarati kuhusu ulanguzi wa dawa za kulevya, zilishutumiwa kwa mbwembwe kuliko kazi nyingine yoyote: muziki wa kutisha, sauti ya kunguruma, tamathali zilizopandana kama mizigo juu ya basi la usiku. Shutuma hizo ni za haki kwa kiwango fulani. Kuna vipindi ambapo sitiari ilikuwa nyingi kuliko ushahidi. Lakini wanaozitoa hawajataja kile kilichokuwa kipya zaidi. Katika Jicho Pevu mambo yalitendeka kwa mfuatano. Kulikuwa na -li- na kulikuwa na -ka-: gari likaondoka, simu ikapigwa, faili likapotea. Kiambishi -ka- ni cha ngano na cha ushahidi mahakamani kwa pamoja, maana hudai kwamba tendo moja limefuata jingine, na kwa hiyo kinamlazimu msimulizi aonyeshe lilifuatanaje. Maneno ya wakubwa yaliingizwa ndani ya masimulizi yakiwa vitendo miongoni mwa vitendo, tena mara nyingi vitendo vya kukana. Watazamaji walikesha. Hapa hapakuwa na tafsiri ya taarifa ya saa tatu. Kazi ilifikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na hilo linasikika hata katika makosa yake.

Njia nyingine ya kutoka katika "amesema" haikubuniwa na yeyote. Ni matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi huku kamera zikiwatazama. Ripota aliye barabarani katika saa kama hiyo hana karatasi. Hawezi kusema amesema, kwa kuwa hakuna aliyesema. Anachoweza ni -na-: wanaingia, wanakimbia, moshi unapanda. Viashiria, ambavyo taarifa ya kawaida haina haja navyo, vinajaa kinywani mwake: pale, hawa, huyu aliyelala hapa, unawaona wale. Anajirudia, anakatiza sentensi, anachanganya ngeli, anateleza akaingia Sheng na kurudi. Mwalimu wa sarufi atapata kazi ya muhula mzima. Lakini ule umoja wa "mtazamaji", ambao studioni ni adabu tu, hapa una maana kamili, kwa sababu anayeambiwa "unawaona" anawaona kweli na anaweza kumkanusha msemaji. Huo ni ufaraguzi kwa maana yake halisi, na hadhira iko barazani.

Serikali za Kenya zimeonyesha kuielewa tofauti hii ya nyakati kuliko wahakiki. Tarehe 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa zilipojiandaa kupeperusha moja kwa moja tukio la Raila Odinga kuapishwa kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park. Mahakama Kuu iliagiza zirejeshwe, na bado zilirejea siku kadhaa baadaye, Citizen ikiwa ya mwisho. Mnamo 1982 aliyeshika mitambo alihitaji sauti. 2018 aliyeshika mitambo alihitaji kimya tu, nacho hakukipata, maana matangazo yaliendelea kutazamwa kwa njia ya intaneti.

Kisha ikaja tarehe 25 Juni 2025, waandamanaji waliporudi barabarani kuadhimisha mwaka mmoja wa yale ya Bunge. Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo vyote vya redio na runinga visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano hayo. Mitambo ya baadhi ya vituo vilivyoendelea ikazimwa, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo siku iyo hiyo. Maneno ya agizo hilo yanafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa mtindo. Halikukataza maandamano kutajwa. Halikukataza taarifa ya jioni kueleza waziri amesema nini, inspekta jenerali ameonya nini, viongozi wa dini wamewataka vijana wafanye nini. Lililokatazwa ni wanaingia, wanakimbia, unawaona wale.